Diski Iliyogeuzwa Bila Kufutwa

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu aliye hai. Wengi mnanifahamu kama Mama Upendo wa Sakina, mwenye studio ya video jirani na gereji. Nimesimama kumshukuru Mungu kwa jambo alilonitendea ndani ya kompyuta. Najua wengine mtashangaa. Hata mimi nilishangaa.

Ndugu zangu, studio ile aliianzisha mume wangu. Alishuka kutoka Marangu akiwa kijana, akaanza na picha za pasipoti. Biashara zilipofunguliwa na kamera za video zikaanza kuuzwa madukani, akanunua yake. Akawa anapiga arusi, vipaimara na misiba, kuanzia Themi hadi Maji ya Chai. Baadaye akanunua kompyuta ya kuhariria. Mimi nilipokea wateja na kuandika majina juu ya kasha za CD. Kompyuta yenyewe sikuigusa.

Kisha kiharusi kikampiga. Alikuwa anafunga tai aende kwenye arusi, akaanguka palepale kitandani. Hospitali ikamrudisha akiwa hai, lakini mkono wa kulia haukufanya kazi tena na maneno yalikuwa hayatoki. Akili ilikuwa nzima. Ukimuuliza jambo, anaitikia kwa kichwa au anakataa kwa kichwa, basi.

Ndugu walikuja kutupa pole, na nyuma ya pole ukaja ushauri. Shemeji yangu mkubwa akaniambia, "Uza hivyo vifaa, mama. Rudini nyumbani mlime migomba." Nikamjibu, "Shemeji, nakuheshimu, ila siuzi." Siku ile sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na Mungu tu, na mume anayesikia. Nikaanza kujifunza kuhariri, yeye ameketi kitini pembeni yangu. Nikikosea, anagonga meza kwa mkono wa kushoto. Meza ile iligongwa sana, wapendwa.

Siku moja akaja Bwana Nathanaeli, mkulima wa kahawa kutoka juu ya Maji ya Chai. Mume wangu alikuwa amepiga video arusi ya mdogo wake Bwana huyo, akaugua kabla hajaikamilisha. Bwana Nathanaeli alivua kofia mlangoni.

"Mama Upendo, mama yetu amelala katika Bwana. Tunaomba ile video. Pale kwenye arusi alisimama akatubariki sisi wote kwa Kimeru, jina kwa jina. Sauti yake haipo mahali pengine. Tungependa tuitazame siku ya kuweka msalaba kaburini."

Nikamwambia ataipata. Nikafungua kompyuta, vipande vyote nikavikuta. Kanda zenyewe zilikuwa zimeshatumika kwa kazi nyingine, kama ilivyokuwa desturi yetu, kwa hiyo arusi ile ilibaki kwenye diski peke yake. Nikaviunganisha vipande kwa siku kadhaa. Lakini kila nilipoiagiza mashine iitengeneze filamu nzima, ilifika katikati ikasimama na kusema diski imejaa. Naangalia, nusu ya diski ni tupu. Narudia, inasema vilevile. Nililia, ndugu zangu. Niliona ni kama nachezewa.

Nikamwita fundi wa kompyuta kutoka mjini. Alikuwa mtu mwema, akanieleza bila kunidharau.

"Diski yako imepangwa kwa mfumo wa zamani, unaitwa FAT32. Haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne, na filamu hii inazidi. Inabidi tuweke mfumo mpya, NTFS. Nitaifomati."

"Ukifomati, vilivyomo vinakwenda wapi?"

"Vinafutika, mama. Vihamishe kwanza."

"Nivihamishie wapi? Hata kile kipande cha bibi marehemu akibariki watoto wake hakienei kwenye CD."

Kabla hajajibu, mume wangu aligonga meza mpaka kikombe kikaanguka. Alikuwa anakataa kwa kichwa, macho yamemtoka. Fundi akafunga begi lake taratibu, akasema tukishaamua tumwite.

Tulipobaki wawili nilimshika mkono tukaomba. Nikamwuliza, "Baba Upendo, kuna njia nyingine?" Akaitikia kwa kichwa. Basi nikafungua yale maelezo ya msaada yaliyomo kwenye kompyuta, nikayasoma kwa sauti, Kiingereza changu cha darasa la saba na kamusi mapajani. Nilipofika kwenye neno "convert" alinikamata kifundo cha mkono, hakuniachia. Kamusi ikasema: kugeuza. Nikaendelea. Kumbe ipo amri ya kuugeuza mfumo wa diski na vitu vyote vikabaki mahali pake.

Lakini kulikuwa na hatari. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kila kitu kinaweza kupotea. Na ninyi mnaujua umeme wetu wa miaka ile.

Nikampigia Bwana Nathanaeli nikamweleza yote bila kumficha. Akasema, "Sasa hivi hatuna kitu mkononi. Fanya, mama. Sisi huku tunaomba."

Nikavuka kwenda gereji kwa jirani yetu, fundi Saidi. Alinisikiliza huku anafuta mikono. Akaja na betri ya lori na inveta ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, akaunganisha kompyuta kwenye betri, akatuachia. "Hii inawasha Fuso," alisema. "Fanya kazi yako kwa amani."

Asubuhi iliyofuata nilifunga mlango wa studio. Nikaikagua diski kwanza, kama maelezo yalivyosema. Kisha nikaiandika ile amri, mume wangu anaangalia herufi kwa herufi. Mashine ikauliza jina la diski. Mume wangu alikuwa ameipa jina la binti yetu. Nikaandika UPENDO, nikabonyeza.

Maandishi yakaanza kupita. Haikuchukua muda, feni ya dukani ikasimama. Umeme ulikatika Sakina nzima. Lakini kioo cha kompyuta kiliendelea kuwaka, na mume wangu hakuondoa macho pale. Nilisali kwa kurudia jina la Yesu tu, sikuwa na sala nyingine. Mwisho mashine ikaandika kwamba ugeuzaji umekamilika.

Nilifungua diski. Arusi zote zilikuwemo, misiba yote, na bibi amesimama na kanga yake. Nikaiagiza filamu. Safari hii haikusimama.

Siku ya msalaba tulikwenda wote Maji ya Chai. Waliweka televisheni barazani. Bibi alipoanza kuwataja watoto wake, Bwana Nathanaeli, mtu mzima vile, alijibu "Naam, mama" kwa sauti, na hakuna aliyecheka. Mume wangu alikuwa analia pembeni yangu. Hajapata maneno mpaka leo, ila kazi tunaifanya pamoja.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu, nawashukuru wote walioniombea. Na kama kuna mtu hapa ameambiwa jambo lake limekwisha, asiondoke hivihivi. Nitabaki pale mbele baada ya ibada. Njoo tuombe, na Jumatatu asubuhi tuanze kazi.