Kamba Nyekundu ya Carmel

Josué, mwanangu, weka huo mkasi mezani kwanza, na wewe Carmel keti hapa kitandani karibu yangu. Nisikilizeni, maana pumzi yangu imekuwa fupi.

Gari ni lako, Josué, urudi nalo kwako Mesquite. Cherehani na vitenge ni vya Carmel. Mama Scholastique, aliyetangaza kanisani kwamba nimeuza mtoto kwa mashetani, mpakulieni siku ya matanga ale ashibe. Nimemsamehe, ingawa bado ananiudhi.

Sasa hiyo kamba nyekundu mkononi mwa Carmel. Tulipofika ukimbizini, mtaa huu wa Sharpstown, alikuwa mtoto wa mgongoni, degedege haimwachi, madaktari walifanya yao yote na mimi niliomba mpaka sauti ikakauka. Bibi Lin, jirani yetu wa Taiwan, akatupeleka kwenye hekalu lao dogo nyuma ya duka la matairi. Chui milia wao, sanamu ya mungu anayelinda watoto, hakai juu na miungu wengine, amewekwa chini ya meza, mdomo unang'aa mafuta na yai bichi la sadaka. Nikatambaa na mtoto mpaka mbele ya meno yale. Bibi Lin akamfunga kamba, akasema huyu sasa ni mzazi wake wa pili, akitimiza miaka kumi na sita mje mshukuru, kamba ikatwe. Degedege haikurudi tena.

Tangu hapo tunaishi na chui huyo. Harufu ya manyoya yaliyolowa inaingia humu na mvua hakuna. Mwaka wa mafuriko, maji yakipanda godoro la Carmel, nani alikwaruza mlango mpaka nikaamka? Ile mikwaruzo uliipaka rangi wewe mwenyewe, Josué. Na ile miaka kumi na sita ilipotimia ukakataa kutupeleka, ukasema, "Maman, ni sanamu ile." Namwogopa, sikatai. Namwogopa hata sasa.

Mnadhani nimewaita ili muikate hiyo kamba. Hapana. Baba yenu alishaondoka, na mimi naondoka, na Carmel anatoka kazini usiku peke yake. Msiikate. Mpelekeeni chui yai, mliweke pale chini ya meza, mwambieni mimi Marguerite nimeomba aendelee kumlinda.

Mungu aliyetuvusha kutoka Uvira awafunike... awape watoto, wawaheshimu... Carmel, nishike. Mnasikia? Anakwaruza pale mlangoni. Mfungulie, Josué, usiogope. Zamu yangu... imeisha.