Tawakali ya Mkekani

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Sifa njema zote ni za Mola aliyenisimamisha mbele yenu msikitini leo, mimi ambaye kusimama kwenyewe hunichosha!

Watu wa Mkongani mnanijua. Safari yangu ndefu ilikuwa kutoka mkekani hadi jikoni, na nyingine ya kurudi. Wageni wakibisha hodi, mke wangu Mwanasha huwajibu, "Baba Riziki yupo. Baba Riziki yupo daima." Kisha ikaonekana uvivu wangu una cheti cha daktari: tezi ya shingo, iliyo chini ya koromeo, imelegea, haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo maana nilivaa sweta kwenye joto la Kaskazi, nikalala kama gogo na kupata choo kwa taabu. Nikapewa vidonge vya homoni hiyo, vya kumeza kila asubuhi. Nilifurahi mno! Tangu hapo kila kitu kikawa shingo. Kuni hazijapasuliwa, shingo. Choo kikatoka na damu, nikasema shingo.

"Shingo gani hiyo iliyoshuka mpaka huko?" Mwanasha akauliza, akanikokota hospitalini. Kumbe ni saratani ya utumbo mpana. Daktari akasema haijasambaa, lakini ikatwe upesi.

Nikarudi nyumbani kungoja upasuaji. Hapo shemeji yangu akanisomea ujumbe kwenye simu yake: homoni ya tezi hukuza saratani ya utumbo! Ndugu zangu, niliona kila asubuhi nailisha saratani kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaacha vidonge, nikajilaza, nikasema nimetawakali kwa Mwenyezi Mungu.

Mwanasha akasimama mlangoni, mwiko mkononi. "Umetawakali?"

"Nimetawakali."

"Mbona tawakali yako iko mkekani siku zote? Inuka! Kamuulize daktari, kisha utawakali ukiwa umevaa viatu."

Nilikwenda. Ni kwa kuuogopa mwiko, lakini nilikwenda. Daktari hakunicheka. Alisema ujumbe ule haukuzuliwa wote. Homoni hiyo huziamuru seli zikue na zifanye kazi, hata za utumbo, na wataalamu wanachunguza kama saratani nayo huitumia amri hiyo. Hawajamaliza, na matokeo yao mengine yanapingana.

"Lakini wewe, mzee, unajaza pengo tu, huzidishi. Ukiviacha vidonge, moyo utapunguza mwendo. Nikikupa dawa ya usingizi katika hali hiyo, huenda usiamke."

Ndugu zangu, hakuna hapa anayependa usingizi kunishinda mimi. Usingizi huo niliukimbia!

Nikarudia vidonge. Damu ilipopimwa tena na homoni kuonekana imetosha, nikapasuliwa, kipande cha utumbo kikaondolewa. Nikafumbua macho, Mwanasha yuko kando ya kitanda, ncha ya kanga yake imelowa machozi. Akaniambia, "Leo umeamka bila kuamshwa."

Alhamdulillahi! Bado narudi kuchunguzwa, na ya mbele anayajua Mola. Ila wewe unayeona damu chooni ukanyamaza, nakusihi usiisingizie shingo, wala bawasiri, wala pilipili. Nenda. Na dawa uliyopewa usiiache wala kuiongeza kwa ujumbe wa simu ya shemeji. Mtegemeeni Mwenyezi Mungu, hamtupi mja wake. Mimi nilimtegemea nimelala, akanitumia Mwanasha. Yuko nyuma ya pazia pale, namsikia anacheka.

Mkitoka, tazameni mlangoni. Vile viatu vilivyoisha visigino ni vyangu.