Mikebe Mitatu ya Fundi Gidioni

Mgeni rasmi, mtaalamu wa kuhifadhi filamu, karibu Marangu. Pole na kupanda huku. Mtori wa ndizi uko jikoni, utaupata, ila kwanza utusikilize.

Historia

Bibi Elinipendo, huyu aliyeketi kushoto kwako, alimpoteza mumewe Gidioni katika Vita vya Kagera. Gidioni alikuwa fundi wa ndege za kivita, tena mpiga filamu wa kikosi. Mwenzake ndiye aliyeleta mikebe mitatu ya filamu hapa kihambani, shambani kwa ukoo. Akasema, "Shemeji, humo Gidioni anakupungia mkono." Akanywa maji, akaondoka. Mpaka leo Bibi hajauona mkono huo.

Mafanikio

Tumekusanya picha themanini na mbili za familia na kuandika majina nyuma kwa penseli. Bibi ndiye aliyetutajia yote, hata la ng'ombe.

Changamoto

Mikebe hiyo Bibi aliiweka darini, juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi, maana moshi hufukuza wadudu. Jamani, nani angemlaumu? Mbegu zilipona kila mwaka. Filamu mbili zimegandana na zinanuka siki. Ya tatu bado inafunguka. Mkono umo katika ipi, hatujui, na hilo linamnyima Bibi usingizi, ingawa anajitia kucheka. Macho yake nayo yanazidi kufifia.

Ombi

Hatuombi jengo wala bati. Tunaomba filamu ya tatu ihamishiwe kwenye kompyuta, upesi. Lakini kuna jambo. Picha ya harusi ya Bibi iliazimwa na mgeni mmoja, ikapotea jumla. Kwa hiyo Bibi amekataa katakata mkebe uondoke peke yake. Tulimsihi wee, akatujibu, "Gidioni alisafiri bila mimi mara moja. Inatosha."

Tangu alfajiri amevaa viatu vya kanisani, na begi lake lile pale mlangoni. Tunaomba nafasi moja garini mwako. Mkebe ataupakata mwenyewe.

Kama mkono haumo, ametuagiza tuseme mapema kwamba hatamlaumu mtu. Sisi tunaomba tu ukae karibu naye taa zikizimwa.

Mungu akulinde njiani, wewe na huyo tunayekukabidhi.

Ni sisi, Kikundi cha Kutunza Picha za Ukoo, Marangu.

Imesomwa na Kindness, mjukuu wa Bibi.