Kumuaga Kavira wa Salle ya Bulengera

Mheshimiwa Chef wa quartier, mkubwa wa mtaa wetu, Baba Mchungaji, Mzee Gamaliel mwenye salle yetu ya michezo ya télé, wazazi wa Kavira, nanyi ndugu wageni waalikwa: nawasalimia kwa heshima.

Nimeombwa kumusifu Kavira, anayekwenda Beni kuongoza salle mpya. Mimi, Edmond, nafanya kazi hapa Bulengera tangu siku Mzee alipotoa télé ya kwanza ndani ya carton. Ni nani hapa hakufikiri kwamba ile kazi ya Beni ingekuwa yangu? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapanga nguo ndani ya valise.

Munaujua ule mchezo wa mpiganaji anayezunguka mapangoni akiokota mali za adui. Mufuko wake unapokea vitu makumi mbili tu. Mimi niliokota vyote: panga, pete, hata ngao zilizovunjika. Nikifika kwa joka la mwisho, nafasi ya dawa hakuna, nakufa. Siku moja Kavira, akitoka kuuza viazi sokoni, akasimama nyuma yangu, akanisemesha kama mdogo kwa kaka yake.

"Yaya Edmond, tupa ile panga ya zahabu. Haikate kitu."

"Weye unajua nini?"

Akashika manette, akabonyeza vifungo vyake. Kwa mwezi mmoja akafika mlangoni pa joka, mufuko wake nusu mtupu, na watu wakajaa hadi barazani wakiita jina lake. Langu, ni nani aliyeliita?

Basi leo niseme. Vita vilipofunga barabara ya Alimbongo, mafuta ya groupe, ile mashine yetu ya umeme, yakaisha, tukafunga salle. Kabla ya kuzima, nilitaka kuhifadhi mchezo wangu, lakini carte mémoire inayotunza michezo ya wote ilikuwa imejaa. Nikafuta wa Kavira, wangu ukaingia pale.

Tulipofungua tena, aliuliza, "Ni nani alifuta jeu yangu?"

Nikajibu, "Labda ni courant, umeme ulikatika."

Aliniangalia, akakaa, akaanza upya toka mwanzo. Kwa wiki tatu joka likafa. Mulipiga makofi, mimi nilishika ufagio nikafagia baraza. Na siku ileile, Mzee, ulimuchagua yeye kwa Beni.

Jana nilikwenda kwao kumwambia ukweli. Akacheka.

"Nilijua tangu zamani. Jeu yako ilikuwa pale kwa nafasi yangu."

"Na hukumwambia Mzee?"

"Angekufukuza. Mama yako angekula nini?"

Ndugu zangu, mulifikiri wivu wangu uliisha pale? Hapana. Ulizidi. Kunishinda kwa manette, hiyo niliweza kuivumilia. Lakini kunishinda hata kwa moyo, na kunifichia kosa langu miezi yote hii bila kunidai hata pole moja! Nimetafuta sifa nyingine ya kumupa, sikuipata iliyo kubwa kuliko hii, na inaniuma kuitamka.

Mzee Gamaliel, sasa umesikia. Hukumu ni yako. Kama ningali mufanyakazi wako, kesho nitapanda camion nimepakata télé ya salle mpya ya Kavira mpaka Beni, isivunjike. Kama hapana, nitaipakata vilevile.

Kavira, kazi njema. Aksanti kwenu nyote kwa kunisikiliza mpaka mwisho.