Mzee Saini na Stoo Namba Nne

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa kumi kamili jioni, Msimamizi wa Bohari wa kiwanda chetu cha sare atafunga daftari lake baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Ameomba miezi hiyo miwili isiachwe. Tulimwonyesha ukurasa wa kwanza wa makala haya, akaurudisha na masahihisho matatu kwa penseli, na hilo la miezi lilikuwa la kwanza. Kurasa zilizobaki hatukumwonyesha.

Jina lake rasmi limo kwenye faili. Kiwandani anaitwa Mzee Saini, kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kutoka mikononi mwake bila saini ya mpokeaji, liwe jora zima la kitambaa au sindano moja ya cherehani. Mkewe alikuja siku moja kumletea miwani aliyoisahau nyumbani. Akasaini kitabu cha wageni, akasaini fomu ya kukabidhi kifaa, akaambiwa asante mama, akarudi zake.

Alianza kazi akiwa mpokeaji wa mizigo getini. Mwaka wa tatu akapewa funguo za vifungo na zipu, na kufikia mwaka wa tisa bohari nzima ilikuwa mikononi mwake. Katika miaka yote hiyo hesabu yake ilipungua mara moja tu, kwa vifungo kumi na viwili vyeusi. Alijiandikia barua ya kujitaka maelezo, na vifungo vilipopatikana siku ya pili ndani ya pindo la suruali yake mwenyewe, akajijibu kwamba maelezo yamekubalika lakini jambo hilo lisijirudie. Barua zote mbili zimo kwenye faili. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo anavyosema, na huwa anausema msemo huo hata pale ambapo hakuna mali.

Sasa tuje kwenye Stoo Namba Nne. Mlango wake mnaujua nyote. Kiti chake kinajulikana na akina mama tu.

Miaka kumi na moja iliyopita, kiwanda hiki kilikuwa na wafanyakazi mia mbili na kumi, na zaidi ya nusu yao walikuwa wanawake. Likizo ya uzazi ilikuwepo, na siku ya kurudi kazini ilikuwepo pia. Kitu ambacho hakikuwepo ni mahali pa mama kukamua maziwa. Waliokuwa wanakamua walikwenda chooni, mkono mmoja umeshika kikombe na mguu mmoja umezuia mlango, kwa kuwa komeo lilikuwa bovu. Wengine walisubiri hadi jioni huku maziwa yakilowesha sare kifuani. Msimamizi wa uzalishaji wa wakati huo, mtu mzuri kwa mambo mengine, alidhani paa linavuja, akaagiza fundi alikague.

Karani wa masijala, ambaye ndiye anayeandika haya, alikuwa amerudi kazini na mtoto wa miezi mitatu nyumbani kwa dada yake. Aliomba ufunguo wa Stoo Namba Nne kwa maelezo kwamba anatafuta majalada ya zamani. Alisaini. Siku ya nne ya kutafuta majalada hayo, Mzee Saini aliingia kuhesabu majora yaliyokataliwa, akamkuta amekaa juu ya boksi la vifungo, chupa mkononi na machozi usoni. Karani alijua kazi imekwisha. Kutumia stoo kwa shughuli isiyoandikwa kwenye fomu lilikuwa kosa, na watu walikuwa wamefukuzwa kwa kuazima mkasi.

Mzee Saini aligeuka akatazama rafu. Akiwa amempa mgongo, akauliza ni mara ngapi kwa siku. Karani akajibu mara tatu. Akaandika, akatoka, akafunga mlango taratibu. Kesho yake pale palipokuwa na boksi palikuwa na kiti cha mikono cha ngozi, kilichotoka ofisi ya mkurugenzi na kuandikwa kwenye daftari kuwa ni kibovu. Ubovu wake ulikuwa rangi. Baada ya wiki lilikuja friji dogo la kantini, kisha bomba na sinki, kisha pazia la kitambaa cha sare zilizokosewa, ambalo hadi leo lina mifuko miwili na hakuna aliyewahi kueleza ya nini.

Kwa kuwa kiwandani hapa hakuna kitu kinachokaa chumbani bila kuandikwa, yeye aliandika. Stoo Namba Nne: bidhaa zinazoharibika haraka. Kila chupa iliingia daftarini kwa jina la mama, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Kwenye safu ya chanzo cha bidhaa aliandika "ndani". Mlangoni alitundika kibao kinachosema MALI INAHESABIWA, USIINGIE, kwa maana ni kanuni ya zamani kwamba mali ikihesabiwa hata mkurugenzi haruhusiwi kuingia. Msimamizi wa uzalishaji alisifu bidii ya mzee ya kuhesabu mali mara sita kwa siku.

Wapo waliolalamika. Mshonaji mmoja wa laini ya kwanza, tunayemwita Dada Zipu kwa kuwa mdomo wake haufungi, aliwatangazia akina mama wenzake wote: "Maziwa ya mwanangu mwenyewe, halafu niyasainie? Kwani ni ya ng'ombe?" Mzee Saini akamsogezea kalamu. Mwezi uliofuata chupa mbili zinazofanana zilichanganyika kwenye friji, wenyewe wakaanza kutazamana, na daftari likamaliza ubishi kwa dakika moja. Tangu hapo Dada Zipu akawa anasaini kwa herufi kubwa.

Mwaka wa pili wakaja wakaguzi kutoka nje. Walipitia stoo zote nne kwenye makaratasi, na ripoti yao ilisema Stoo Namba Nne ndiyo pekee ambayo hakuna bidhaa iliyowahi kuharibika wala kulala, na ikapendekeza stoo nyingine ziige mfano huo. Uongozi ulimwandikia barua ya pongezi. Aliipokea, akaisaini, akaiweka kwenye faili, na uso wake haukubadilika hata kidogo.

Mambo yakaenda hivyo kwa miaka kumi na moja, na watoto thelathini na wanane. Kisha, mwezi wa pili mwaka huu, ikapita ilani kwamba mzee akistaafu Stoo Namba Tatu na Namba Nne zitaunganishwa, ukuta uvunjwe, pawe chumba cha maonyesho ya sare. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Kwenye karatasi Namba Nne ilikuwa stoo. Wakati huohuo washonaji watatu wa laini ya pili walikuwa likizo ya uzazi, na aliye mdogo kati yao alitakiwa kurudi kazini Jumatatu ya kwanza baada ya mzee kuondoka.

Kuna jambo lazima tulieleze hapa. Mtumishi anayestaafu bila barua hata moja ya onyo hupewa Cheti cha Utumishi Usio na Dosari. Tangu kiwanda kifunguliwe hakuna aliyekipata. Cha Mzee Saini kilikuwa kimeshachapwa, na fremu yake ilikuwa imeshanunuliwa. Mwenyewe ndiye aliyeipokea stoo na kuiandika daftarini. Njia pekee ya kukiokoa chumba ilikuwa kusema kwamba hakijawahi kuwa stoo, na mtu wa kusema hivyo ni yule aliyeandika kwa mkono wake, kila siku, kwamba ni stoo.

Akaandika barua kwa Mkurugenzi. Karani wa masijala aliipokea kama anavyopokea barua zote, akaigonga muhuri, na kwa ruhusa ya mwandishi wake tunanukuu aya ya pili:

"Mke wangu alikuwa mshonaji wa laini ya pili katika kiwanda hiki. Alirudi kazini baada ya mtoto wetu wa kwanza, akavumilia wiki saba, akapata jipu la titi, akaacha kazi aliyokuwa akiipenda. Wakati huo mimi nilikuwa nashika funguo za vyumba viwili vitupu. Tulikuwa tunakuja kazini pamoja na kuondoka pamoja, na sikuwahi kumuuliza anakamulia wapi. Hilo ndilo pungufu kubwa katika hesabu zangu, na halikuonekana na mkaguzi yeyote."

Tuliisoma masijala watu watatu. Hatukufanya kazi nyingi asubuhi ile.

Mkurugenzi alijibu kwa barua mbili za siku moja. Ya kwanza ilimpa onyo kwa kuandika taarifa zisizo za kweli kwenye daftari la bohari. Ya pili iliiondoa Namba Nne kwenye orodha ya stoo, ikaifanya chumba cha akina mama wanaonyonyesha, na kuwapa muda wa kukitumia ndani ya saa za kazi. Mzee Saini alisaini zote mbili. Ya onyo aliirudisha kwanza irekebishwe tarehe. Fremu aliiomba kwa fomu, akaidhinishiwa, na barua ya onyo ndiyo iliyomo ndani yake sasa, sebuleni kwake.

Juzi amekabidhi funguo. Daftari linasema arobaini na moja, mezani zikafika arobaini. Kamati ikazihesabu upya, kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya hesabu ya Mzee Saini inapopungua. Akaeleza kwamba chumba kile si stoo tena, kitasa amekibandua pamoja na ufunguo wake, na mahali pake amefunga komeo la ndani. Anayehitaji kuingia ataingia, na atajifungia mwenyewe.

Mkewe alikuja siku hiyo kumsaidia kubeba vitu. Aliomba akione chumba. Akaingia, tukasikia komeo, na akakaa kwenye kile kiti muda ambao hatukuupima. Mzee alisimama nje ya mlango, mgongo kwake. Mkewe alipotoka, macho mekundu, akatafuta kalamu kwa mazoea akauliza asaini wapi. Mzee akamwambia, "Hapa hakuna kusaini, mama watoto."

Mzee wetu, tunakutakia afya, usingizi mrefu wa mchana, na nyumba ambayo kila kitu kipo mahali pake. Mama naye tunamtakia hayo hayo, na pole ambayo kiwanda hiki kilichelewa kumpa. Aliyekaa juu ya boksi la vifungo bado yupo masijala. Miaka kumi na moja amesaini kila ulichomsogezea na hajawahi kukushukuru, kwa sababu fomu yako haikuwa na sehemu hiyo. Asante.