Mvua ya Yudith

Kwa jina la Mola aliyenipa pumzi, na ambaye naona ameanza kuikunja taratibu kama mkeka wa mgeni anayeaga, sogeeni karibu, wanangu. Zubery, kaa upande huu wa sikio zima. Amna, niinulie mto, kisha ufunge mlango, maana upepo huu wa Mbeya hauna adabu kwa mgonjwa. Na wewe dada Yudith, uliyetoka Kalenga kwa basi na miguu yako hiyo iliyovimba, njoo ukae kitini, usijibanze pale pembeni. Maneno haya yanakuhusu kuliko unavyodhani.

Sikilizeni. Mali yangu haihitaji darubini. Nyumba hii na banda la video la Mwanjelwa vigawanywe kama sharia ilivyokwisha kugawa, Zubery mafungu mawili, Amna moja, na mtu asijifanye mwerevu kuliko Aliyegawa. Najua, Zubery, unataka kuligeuza banda kuwa stoo ya vipuri vya bodaboda. Uliniambia, "Baba, siku hizi kila mtu ana sinema mfukoni," na hukukosea. Siwezi kukuzuia, maiti hafungui duka wala halifungi. Lakini kabla hujatundika tairi pale palipokuwa na turubai la sinema, nataka ujue unafunga nini.

Banda lile lilikuwa na kawaida yake ambayo hukuiona Iyunga wala kwingineko: picha ikiisha, mlango haufunguliwi mpaka majina yaishe. Yale maandishi madogo yanayopanda kama sisimizi, ambayo wenye mabanda wengine huyazima ili waingize wateja wapya, mimi niliyasoma kwa kipaza sauti, ya Wahindi, ya Wachina, nikiyavunja mifupa, sikatai, lakini niliyasoma, na watu wakayapigia makofi. Kisha aliyependa kipande fulani alisimama akakisimulia upya, kwa sharti kwamba amtaje na mtu asiyeonekana kwenye picha. Mnamkumbuka yule muuza viazi? Kulikuwa na kipande cha mzee anayepigana na wezi huku ameshika birika la chai, na chai haimwagiki. Wenzake wote walimsifu mzee. Yeye akasimama akasema, "Mimi nampa heko fundi wa ile meza iliyovunjika. Meza ya kuvunjika vizuri vile ni kazi kuliko meza ya kulia ugali!" Banda zima likanyanyuka. Seremala wa nchi ya mbali, ambaye huenda hata mkewe hakumsifu siku ile, akashangiliwa Mwanjelwa mpaka wauza mitumba wakaja kuchungulia.

Serikali ilipata tabu na sisi. Alikuja afisa kutaka kujua tumo kundi gani, starehe, elimu au mkutano wa hadhara, kwa kuwa alikuwa amearifiwa kwamba kuna watu wanafungiwa ndani na kusomewa majina. Nikamwambia, "Bwana mkubwa, andika msiba, maana wengi hutoka wamelia." Hakucheka, kucheka hakukuwa kwenye ratiba yake. Akaketi kukagua. Picha ilipoisha akasimama kusimulia kipande chake, akakirefusha kuliko hotuba ya mgeni rasmi, ikabidi tumpigie makofi ili akae. Kibali kilipotoka, kwenye aina ya shughuli pameandikwa "mengineyo". Wanangu, nyinyi mmesomeshwa na mengineyo.

Lakini taji la banda lile lilikuwa picha yetu wenyewe, tuliyoipiga Kalenga kabla simu hazijajifunza kazi hiyo. Anania, mpiga picha za harusi wa Iringa, alikuwa na hadithi ya binti aliyefukuzwa na baba yake, akarudi nyumbani kwenye mvua. Kosa lake ni kwamba aliiandika Januari, akaja kuipiga Julai. Iringa, Julai! Mbingu kavu kama kiganja cha bahili, vumbi, na baridi ya kung'oa meno. Anania akaanza kufunga vyombo vyake. Ndipo huyu Yudith, mwenye ua tuliouazima, alipotoka jikoni akauliza, "Kwani hiyo mvua mnataka inyeshe wapi? Si hapo mlangoni tu? Sasa mnamsumbua Mungu kwa ajili ya mlango mmoja?"

Akatoboa debe kwa msumari, akapanda ngazi. Wanawake wenzake wakapandisha ndoo kutoka Ruaha Mdogo, wakiimba na kutusengenya kwa Kihehe. Masumbuko, fundi bati, akajificha nyuma ya zizi akatikisa bati likanguruma mpaka mbuzi wakakata kamba. Mimi nilishika ngazi, kazi ambayo hata nguzo ingeiweza. Na chini ya maji yale, marehemu mama yenu Mwanakhamisi akatembea, akabisha hodi, mlango ukafunguka, akasimama mbele ya baba yule bila neno, anatetemeka. Watu husema aliigiza vizuri. Aliigiza nini! Alikuwa anaganda. Ila macho yale, wanangu, hayakuwa ya baridi. Nimewaona madereva wa malori ya Tunduma wakijifuta nyuso kwa kofia.

Msambazaji mmoja, simtaji, alipotoa nakala alikata majina yote mwishoni ili apate nafasi ya tangazo la dawa ya mbu. Basi nikayasema mimi, kwa kichwa, kila ilipoonyeshwa, mpaka leo Mwanjelwa mvua ikishuka ghafla utasikia wauza nyanya wakiitana, "Funikeni, Yudith kapanda ngazi!" Niambieni, ni mcheza sinema gani mwenye nyota aliyewahi kupewa mvua ya mji mzima?

Sasa, la kinyongo. Masumbuko alininunia mpaka anaingia kaburini, kwa kuwa nilimtaja baada ya Yudith. "Radi hutangulia mvua, Shamsudin!" aliniambia, nami nikang'ang'ania kama mwenyekiti wa kikao. Alikuwa na haki. Kuanzia leo radi itangulie.

La pili. Mwenye kurithi hausiwi, lakini theluthi yangu ya kuwausia wasiorithi ninayo. Projekta, spika, kipaza sauti na turubai jeupe nampa dada Yudith. Usilie, dada, ni mizigo hiyo. Zubery ukilifunga banda, yeye atavibeba kwenda Kalenga, na majina yatasomwa huko. Ukiliacha wazi, utamwomba akuazime, na utamwomba kwa heshima.

Siku ya kunizika, msipige makofi. Msimtie shehe majaribuni. Nizikeni upesi, kimya, kwa sanda ya kawaida. Arobaini ikipita, ingieni bandani, muiwashe ile ya Kalenga. Mungu awape macho ya kumwona aliyeshika taa, si aliyeangaziwa tu. Awape riziki isiyowatenganisha. Awape… Amna, maji kidogo. Ahsante, mama.

Sauti inaniishia. Yudith, nisomee wewe… nataka niyasikie, kwa mara moja, nikiwa upande wa watazamaji.

Nani huyo? Si Yudith huyo. Zubery?

Masumbuko, radi. Naam… ametangulia. Yudith, mvua. Wanawake wa Kalenga, maji. Anania, kamera. Kumbe ulipokuwa unasinzia kwenye benchi utotoni, ulikuwa husinzii… Polepole hapo, mwanangu, hilo usilikimbize. Mwanakhamisi… aliyebisha hodi.

Makofi hayo. Nayasikia. Mwenye sauti hii atauzaje vipuri?

Basi… yameisha.

Nini? Hujamaliza? "Shamsudin, aliyeshika ngazi." Hilo… mimi sikuwafundisha. Hilo kalitoa wapi, Yudith? Unacheka nini?

Haya. Liacheni hapo hapo, la mwisho.

Sasa yameisha, Amna. Fungua mlango.