Kutoka Cherehani Hadi Takwimu: Bwana Alivyonikumbusha Mwezi

Namsifu Bwana mbele yenu, ndugu zangu wa Bangwe, nikiwa nimesimama kwa miguu yangu mwenyewe. Wengi mnanijua kama fundi wa Ujiji, yule aliyewashonea sare za kwaya zikawabana. Mnisamehe, ila mlinenepa wenyewe.

Cherehani ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu. Kisha miguu ikaanza kuvimba na kufa ganzi, na daktari akaniambia niache kukanyaga pedeli. Nililia, ndugu zangu. Nilimwuliza Mungu, sasa tutakula nini?

Binti mmoja wa kanisa hili alikuwa anafundisha uchambuzi wa takwimu pale mjini. Akaniita. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi tu." Akacheka. "Mama, kuandika programu si lazima. Njoo na macho yako ya fundi." Nikaenda. Nikajifunza kupanga namba kwenye majedwali, kusafisha makosa na kuchora grafu. Fundi hakati kitambaa bila kupima tena, na tabia hiyo nilihamia nayo kwenye namba.

Shirika moja likanipa kazi ya majaribio: takwimu za dagaa wanaoshushwa mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga ziwani. Nikifanya vizuri, naajiriwa. Hapo ndipo shetani aliponijaribu. Grafu yangu ilipanda vizuri, halafu kila mwezi ikaporomoka, kisha ikapanda tena. Nikajua nimeharibu. Nikarudia yote, ikaporomoka palepale. Niliifunga kompyuta, nikapiga magoti, nikasema, "Baba, kama kazi hii si yangu, niondolee aibu."

Nikiwa bado chini, simu ikaita. Alikuwa mama yangu, muuza dagaa wa Ilagala, ambaye nilimwagiza mboga. "Mwanangu, wiki hii usisubiri mzigo. Mwezi mkubwa, wavuvi wako nyumbani wanashona nyavu."

Nikainuka, nikaifungua tena kompyuta. Mwezi ukiangaza, taa za wavuvi hazivuti dagaa, na hakuna anayeingia ziwani. Mimi, mtoto wa Ilagala, niliyekuzwa kwa dagaa, nimesahau mwezi! Hofu ilinisahaulisha hata kwetu. Nikaazima kwa jirani yangu Mwislamu kalenda yake inayofuata mwezi, nikalinganisha. Kila poromoko lilikaa kwenye mbalamwezi. Sikuwa nimekosea. Nikaandika maelezo chini ya grafu, nikatuma. Msimamizi akanipigia, akasema, "Mama, karibu kazini."

Leo nafanya kazi kwa furaha, miguu imetulia. Zile sare nileteeni, nitazilegeza kwa mkono.

Nawe unayedhani umri umepita, au shule haikutosha, mtumaini Bwana uanze. Ukiona pengo maishani mwako, usikimbilie kusema umeharibu. Piga magoti kwanza. Huenda ni mbalamwezi tu, na giza likirudi mitumbwi itaingia ziwani. Sasa semeni amina, nikae.